Unataka Kufungua Grupu la Wenye Sukari? Anza na Kanuni

Maswali ni yaleyale kila mara. "Nimefungua grupu la WhatsApp la watu wa kliniki yetu, sasa kuna mtu anauza dawa ya mizizi, nimfanye nini?" "Kuna mama amemtia mtoto wake wa miaka kumi na tatu, ni sawa?" "Mtu ameandika saa nane za usiku kwamba anatetemeka na mimi nimeona asubuhi. Nina lawama?" Nimeyajibu kwenye foleni ya kliniki, nimeyajibu ndani ya matatu ya Kisauni hapa kwetu Mombasa, nimeyajibu kwa voisi ndefu ambazo najua hazisikilizwi mpaka mwisho. Basi leo nayaandika pahali pamoja.

Nazungumzia grupu la kisukari kwa sababu ndilo ninalolijua. Ukiwa na grupu la selimundu, kifafa au presha, badilisha sehemu za dawa na dharura kwa msaada wa mtu wa afya. Mengine yatakufaa hivyohivyo.

Kabla hujagusa simu, shika hili: grupu si kliniki. Grupu linajua mambo ambayo daktari hana nafasi nayo. Linajua duka gani stripu za kupimia sukari zimeshuka bei, utamwambiaje mama mkwe kwamba hutakula halwa bila ya yeye kununa, na utajichoma sindano wapi ukiwa arusini umevaa buibui. Hayo hakuna anayeyajua kama mgonjwa mwenzako. Kipimo cha dawa ya mtu mwingine hakimo ndani ya hayo.

Uwe na vitu hivi kwanza

- Maadmini watatu. Sio wewe peke yako na sio wewe na mumeo. Awepo mwanamke, awepo mwanamume, na kama wanakikundi wako pande zote mbili za maji, mmoja awe Likoni. Dharura ya ng'ambo ikisimamiwa na mtu wa kisiwani, kila mtu atakuwa anaulizia feri.
- Laini ya simu ya grupu, tofauti na yako. Iwekee ile pini ya uthibitisho wa hatua mbili ya WhatsApp.
- Mhudumu wa afya mmoja aliyekubali kwa mdomo wake. Nesi wa kliniki ya sukari au mfamasia anatosha. Mwulize atajibu siku gani na saa ngapi, na yapi hatajibu. Kumwongeza tu halafu kumwita "daktari wetu" ni kumtia kitanzi.
- Daftari la karatasi lenye pahali pa kufungiwa.
- Namba za dharura: 999 au 112 kwa dharura yoyote, 116 kwa mambo ya watoto, 1195 kwa dhuluma za kijinsia na 1199 ya Msalaba Mwekundu kwa mtu aliyeelemewa na mawazo. Ongeza namba ya hospitali iliyo karibu na kila mtaa wenu na ya ambulansi mnayoweza kuipata. Zipigie zote mchana mmoja uone zipi zinashikwa. Namba iliyonakiliwa kutoka bango la zamani ni mapambo tu.

Hatua ya 1: Amua grupu ni la nani

"La kila mtu anayejali kisukari" ni grupu la wauza dawa. Andika sentensi moja: ni la watu wazima wenye kisukari, au la wazazi wa watoto wenye kisukari, au la wanaowauguza wazee. Ukichanganya, mzee wa miaka sitini mwenye tembe mbili kwa siku atamshauri mama wa mtoto wa sindano, na hayo ni maradhi mawili tofauti ingawa jina ni moja. Mtoto wa aina ya kwanza hana insulini yake mwilini. Mzee wa aina ya pili mara nyingi anayo, ila haimfanyii kazi vizuri. Ushauri unaomfaa huyu unaweza kumlaza yule hospitali.

Kuhusu idadi, WhatsApp inaruhusu hadi watu 1,024. Usiitumie nafasi hiyo. Ukiona huwezi tena kukumbuka nani ni nani kwa jina na mtaa, grupu limeshakuwa kubwa.

Hatua ya 2: Funga mlango

Ingia kwenye mipangilio ya grupu ufanye haya:

1. Washa idhini ya admini kwa anayeingia.
2. Zuia wanakikundi wasiongeze watu. Maadmini tu.
3. Usisambaze linki ya kuingilia. Ikiwa ilishasambaa, ibatilishe utengeneze mpya.
4. Washa ujumbe wa kutoweka, siku 90. Habari ya vidonda vya mtu haina haja ya kukaa humo miaka.
5. Washa faragha ya juu ya gumzo. Inazuia mtu kuhamisha mazungumzo yote kwa mkupuo, na picha hazijipakui zenyewe kwenye simu za watu.
6. Picha ya grupu isiwe glukomita (mashine ya kupimia sukari) wala sindano, na jina lisitaje ugonjwa. "Jirani Wema" litamfaa mtu anayeshikiwa simu na bosi wake kuliko "Wagonjwa wa Sukari Mvita".

Angalia: hakuna mpangilio unaozuia skrinshoti kwa kweli. Mtu anaweza hata kuipiga picha simu kwa simu nyingine. Ukiwaambia watu "humu ni salama kabisa" umewadanganya. Waambie hivi: namba yako ya simu na picha yako ya profaili zitaonekana na kila aliyemo, basi kama picha yako ni ya wanao wamevaa sare za shule, ibadilishe kabla ya kuingia.

Hatua ya 3: Andika kanuni, chache, kwa Kiswahili cha nyumbani

Nakili hizi ukitaka. Zinaenea kwenye maelezo ya grupu.

1. Hapa tunasema "mimi nilifanya hivi". Hatusemi "wewe fanya hivi".
2. Hatumtajii mwenzetu kipimo cha dawa: si yuniti, si tembe, si vijiko.
3. Ya humu hayatoki humu. Hakuna skrinshoti, hakuna kufowadi, hakuna kusimulia barazani. Maisha ya mtu yakiwa hatarini au mtoto akidhulumiwa, maadmini watatafuta msaada nje.
4. Hakuna kuuza wala kutangaza dawa, mitishamba, vyakula vya "sukari" wala mashine.
5. Usimfuate mtu inboksi bila kumwomba ruhusa hapa hadharani.
6. Picha ya kadi ya kliniki au majibu ya vipimo: funika jina na namba. Picha ya kidonda usiitume hapa, mtumie admini.
7. Pesa na michango hupitia kwa maadmini tu.
8. Dharura: piga simu kwanza, andika baadaye. Hatuahidi kwamba kuna mtu yuko macho.

Watu huniuliza mbona hakuna kanuni ya "heshimu wenzako". Kwa sababu hakuna anayejiona hana heshima. Kanuni iwe kitu ambacho ukimwonyesha mtu ujumbe wake mwenyewe, wote mtakubaliana kama ameivunja au hakuivunja.

Ya kwanza na ya pili ndizo zitakazokupa kazi, basi tuziangalie kwa karibu. Mtu amepima sukari (namba zote humu ni za mmol/L), anaandika saa moja asubuhi: "Jamani leo 14.2 na sijanywa hata chai. Nifanyeje?" Jibu la kwanza litakalotokea ni hili: "Ongeza yuniti nne, mimi huongeza nne." Limeandikwa kwa mapenzi, na ndilo litakaloua mtu. Huyo muulizaji labda ni bibi mwembamba ambaye figo zake zimechoka, na figo zikichoka insulini hukaa mwilini muda mrefu zaidi. Labda anatumia insulini ile ya mawingu na mwenzake anatumia ile ya maji, na hizo hazifanyi kazi kwa mwendo mmoja. Labda jana usiku hakuchoma kabisa akasahau. Jibu zuri linakuwa hivi: "Mimi ilinipanda hivyo asubuhi mfululizo, nikapeleka daftari langu la wiki kliniki, wakaona ni chakula cha usiku. Wewe jana ulitumia dawa? Una homa? Unatapika?" Hapo mtu amepata mwenzake, amepata la kufanya, na hakuna aliyejifanya daktari.

Ukiona "ongeza yuniti", futa. Admini anaweza kuufuta ujumbe wa mtu yeyote kwa wote. Halafu andika mara moja: "Nimefuta kwa kanuni ya pili. Ami, tuambie ilikuwaje kwako, usitupe namba." Usimwonee haya kwa kuwa ni mzee. Ukimwacha yeye, kesho utamfutia nani?

Kanuni ya tatu ina mtego wake hapa kwetu. Mji huu ni mdogo. Mtu akisimulia barazani, "Kuna mama mmoja pale Kibokoni, mumewe yuko Dubai, wana watoto wanne, kidole cha mguu kimeanza kuoza," hakutaja jina lakini amemtaja. Na madhara si ya aibu tu. Kuna nyumba ambazo habari kwamba binti ana sukari ikifika kwa upande wa bwana harusi, posa inarudi. Kuna tajiri akijua dereva wake anajichoma, anamwondoa kwenye lori. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya kuwa data nyeti, lakini mtu aliyeharibiwa posa hatafutiwi mchumba mwingine na sheria.

Hatua ya 4: Ingiza watu mmoja mmoja

Kabla ya kumwingiza mtu, mpigie. Dakika tano zinatosha. Ongea naye sauti kwa sauti, usimalize kwa meseji. Mwulize amelipata wapi grupu, ana sukari yeye au anamuuguza nani, na anatafuta nini. Msomee kanuni ya pili, ya tatu na ya nane, umwulize kama anakubali. Mwulize pia: "Ukiandika kitu cha kutisha usiku, tumpigie nani wa nyumbani kwako?" Andika jina la huyo mtu, namba yake, mtaa, na hospitali anayoenda. Ndiyo maana nikasema daftari la karatasi. Simu ikiibiwa feri, orodha yote ya wagonjwa haiondoki nayo.

Asiyetaka kuacha namba ya mtu wa nyumbani, mwache. Kwa wengine, walio nyumbani ndio wanaofichwa. Mwandike tu "hakuna" na umweleze kwamba usiku wa shida mtakuwa na njia chache za kumsaidia.

Muuza dawa hujulikana hapahapa. Hajui jina la dawa anayotumia, hajui kliniki yake ni siku gani, lakini anajua sana kwamba sukari "inatibika".

Hatua ya 5: Panga dharura kabla haijafika

Hii usiiruke. Kaa na yule nesi mwandike maneno ambayo admini yeyote atayabandika bila kufikiri, kwa kuwa saa nane za usiku hakuna anayefikiri vizuri. Ya kwetu yanakwenda hivi, na nesi wako ayapitie kabla hujayatumia.

*Mtu anasema anatetemeka, anatoka jasho, ana njaa ya ghafla, au maneno yake yameanza kupinda:* "Pima sasa. Ikiwa chini ya 4, au huna mashine, kunywa maji yenye vijiko vitatu vya chai vya sukari, au nusu glasi ya soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari. Amsha mtu. Pima tena baada ya dakika 15. Bado iko chini, rudia. Ikipanda, kula kitu. Tunakupigia."

*Anayeandika ni mtu wa nyumbani, na mgonjwa hazinduki:* "Usimtie chochote mdomoni. Mlaze ubavu. Hospitali sasa hivi kwa gari lolote." Hapa ndipo watu hupotea, kwa kuwa mapenzi yanawatuma kummiminia asali. Asali itashuka kwenye mapafu.

*Mashine imeandika HI (sukari imepanda kupita inachoweza kusoma), au mtu ana kiu isiyoisha, anatapika, tumbo linauma, anahema kwa nguvu, amelegea:* "Hili haliwezi kungoja kliniki. Nenda hospitali sasa. Beba dawa zako na mashine." Kwa mwenye aina ya kwanza ongeza: "Usiache insulini kwa sababu tu huli, waulize hospitali."

Kisha admini aliyeona kwanza anaandika "Nimeshika", na wengine wanaacha kubandika dua mpaka apige simu. Dua ni njema, ila dua arobaini zinaufukuza juu ule ujumbe wenye maelekezo, na mgonjwa haoni tena alichoambiwa. Tumekubaliana: dua baada ya admini kuandika "Amefika hospitali".

Ng'ambo ya Likoni, Mtongwe na huko, watajie hospitali iliyo upande wao kwanza. Usimtume mtu moja kwa moja hospitali kuu ya Makadara, kisiwani, saa hizo kwa kuwa ndiko wewe unakokujua.

Kuna dharura nyingine isiyo na mashine ya kuipima. Mtu anaandika: "Nimechoka na sindano. Heri nisiamke kesho." Usimjibu kwa aya wala kwa "wangapi hawana hata miguu". Admini mmoja ampigie simu. Akishika, mwulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii mtu hiyo fikra. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake: apatikane mtu wa kukaa naye, na huyo mtu ndiye ashike dawa zote, insulini ikiwamo, ampe kwa wakati wake. Namba ya 1199 ni ya bure. Ikiwa hatari iko pale pale, ni hospitali, kama dharura nyingine yoyote. Atatokea wa kusema "nyamaza, utafungwa". Mwambie kwamba Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, kinakwenda kinyume na Katiba. Woga wa polisi usimzuie mtu kusema.

Hatua ya 6: Watoto

Aliye chini ya miaka 18 haingii grupu la watu wazima. Anaingia mzazi wake. Vijana wakitaka lao, na watalitaka, lifungueni kwa idhini ya wazazi, lenye watu wazima wawili waliomo muda wote, na kanuni moja ya chuma: hakuna mtu mzima anayemwandikia mtoto inboksi, hata admini, hata ustadhi, hata nesi. Mtoto akimwandikia mtu mzima faraghani, huyo mtu mzima anajibu kwa kumtia mwenzake kwenye mazungumzo.

Picha za watoto wakijichoma, zile za "shujaa wetu mdogo", zisiwekwe. Najua zinatia moyo. Mtoto huyo atakuwa mtu mzima siku moja na picha itakuwa bado iko kwenye simu ya mtu asiyemjua.

Sasa lile zito. Mzazi anaandika: "Alhamdulillahi, tumemwachisha mtoto sindano, anatumia dawa ya mzee mmoja, wiki ya kwanza hii." Watu wanapongeza. Mtoto wa aina ya kwanza akikosa insulini huweza kufa kwa siku chache tu. Hapo hapana mjadala wa imani wala wa mitishamba. Mpigie mzazi wakati huohuo. Usimgombeze. Mwulize mtoto anakunywa maji mengi, anatapika, analala sana? Mpe nesi aongee naye. Wengi wakielezwa kwa upole hurudi hospitali siku hiyohiyo, kwa kuwa aliyewaambia waache aliwaambia kwa upole pia. Akikataa, piga 116 au nenda kwa afisa wa watoto. Ndiyo maana kanuni ya tatu ina mpaka wake, na ndiyo maana unamsomea mtu kabla ya kuingia. Hutamvunjia siri, mlikubaliana.

Hatua ya 7: Dawa za kuuziwa na pesa za kuchangwa

Muuzaji haingii akisema anauza. Anaanza na ushuhuda: "Mimi nilikuwa na 22, sasa nina 5, na naachana na hospitali." Anangoja watu waulize. Kisha: "Njoo inboksi." Maneno hayo mawili ndiyo kengele yako. Futa, mtoe, halafu waambie waliobaki kwamba aliyeshaongea naye asiache dawa zake kabla ya kufika kliniki. Usimtangaze kwa jina wala kumwita tapeli. Unaweza kukosea, na kesi ya kumchafulia mtu jina huitaki.

Kwa mitishamba yenyewe, mimi siipigi vita mtu akiwa anaizungumza kama sehemu ya maisha yake. Watu wetu wanakunywa mwarobaini tangu zamani. Swali la kuuliza humo ni moja: "Daktari wako anajua unakunywa?" Vitu vingine hushusha sukari kweli, na vikikutana na tembe, mtu anaanguka jikoni.

Kugawana dawa pia kuna mpaka. Pakiti ya stripu ambayo haijafunguliwa, inayolingana na mashine na haijapita tarehe, mtu akimpa mwenzake mimi sioni ubaya. Insulini hapana. Ambayo haijafunguliwa inatakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8, na hujui kama hiyo chupa ilishinda kwenye dirisha la Kongowea mwezi wa pili. Sindano na vile visindano vya kutobolea kidole hazigawanwi kabisa, hata kwa mke na mume.

Michango: admini ahakikishe kwanza kwa kumpigia mgonjwa na kuiona bili. Pesa iende kwenye namba ya malipo ya hospitali yenyewe, isipitie simu ya mtu. Akaunti ya mwanakikundi ikianza ghafla kuomba "nitumie elfu mbili nitarudisha jioni", ichukuliwe imeibiwa mpaka yeye mwenyewe asikike kwa sauti. Na hakuna admini yeyote atakayekuomba ile namba ya tarakimu sita iliyokuja kwa meseji. Rudieni hilo kila mwezi.

Hatua ya 8: Jiandaeni na Ramadhani mapema

Grupu likiwa na Waislamu, mwezi huu utakuwa na ujumbe mwingi kuliko miezi mitatu mingine. Anzeni Rajabu, miezi miwili kabla. Kila anayetaka kufunga aende kliniki mapema abadilishiwe mpango wa dawa na daktari wake, kwa kuwa wa daku na futari si ule wa asubuhi na jioni.

Bandikeni mambo haya, yapitiwe na nesi. Sukari ikiwa chini ya 3.9 au juu ya 16.6, funga inakatizwa hapohapo hata kama imebaki nusu saa adhana ya magharibi. Masheikh wengi wanasema kupima kwa tone la kidole hakubatilishi funga, basi mtu asikae bila kupima. Aya ya 184 ya Suratul Baqara imempa mgonjwa ruhusa ya kulipa siku nyingine. Zaidi ya hapo, kama fulani anafaa kufunga au hafai, grupu halina fatwa. Aulizwe daktari, kisha sheikh.

Zuieni kwa nguvu mashindano: "Mimi nina sukari miaka ishirini na sijala mchana hata siku moja." Huyo hajakusudia ubaya, lakini yuko binti atakayeisoma saa tisa alasiri akiwa na 3.2 na akaona haya kufungua. Wakristo waliomo nao wana mifungo yao, na kanuni ni ileile. Mazungumzo ya kaimati, tambi na viazi karai, waachieni. Hapo ndipo grupu linanoga, na ndipo mtu anajifunza kwamba anaweza kula kaimati mbili bila ya kula bakuli.

Hatua ya 9: Kutoka, kutolewa, na kufariki

Anayetoka kimya asifuatwe. WhatsApp inawajulisha maadmini tu, basi msimtangaze. Mstari wake kwenye daftari ukateni.

Kumtoa mtu: onyo moja faraghani, la pili ni kutolewa. Anayeuza dawa, anayemfuata mtoto, na anayesambaza siri hutolewa bila onyo. Maadmini wawili wakubaliane, isipokuwa hatari ni ya sasa hivi.

Mwanakikundi akifariki, msitangaze kabla ya familia kutangaza, na msiandike amekufa kwa nini. Halafu kuna jambo ambalo watu hawalikumbuki: simu ya marehemu sasa iko mkononi mwa mwanawe au mjane, na grupu limo ndani. Yote aliyoyaandika kuhusu nyumba yake yanaonekana, na yenu pia. Itoeni ile namba siku hiyohiyo, kisha admini aipigie familia kuwapa pole kwa sauti.

Mambo yakiharibika

*Skrinshoti imevuja.* Mwambie aliyeathirika kwanza, kabla ya grupu. Mwulize anataka nini kifanyike. Aliyevujisha akijulikana anatoka. Kama imetumika kumtisha au kumwomba pesa, ahifadhi ushahidi aripoti polisi, na malalamiko ya data hupelekwa kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Msianze kumsaka mhalifu ndani ya grupu. Mtamkosa na mtaliua grupu.

*Grupu limejaa salamu, maua na video za kufowadi.* Fungueni la pili la soga. Kuwakataza hakufui dafu. Wapeni pahali pao.

*Nesi ameacha kujibu.* Amechoka. Mpeni ruhusa ya kutoka kwa heshima, na mpaka apatikane mwingine andikeni kwenye maelezo ya grupu kwamba hakuna mhudumu wa afya humu kwa sasa.

*Mume anamtumia admini ujumbe akitaka kujua mkewe anasema nini humo.* Jibu ni moja, hata kama ni rafiki yako: "Sithibitishi nani yumo na nani hayumo." Kisha mpigie yule mke, umwulize kama yuko salama na kama anataka namba ya 1195.

*Watu wanasoma tu, hawaandiki.* Waache. Wapo wanaosoma mwaka mzima, na siku moja wanaandika mstari mmoja kwamba wamepima.

*Admini mwenyewe amelemewa.* Pangeni zamu, kila mmoja wiki yake, na aliye nje ya zamu azime sauti ya grupu. Kuanzia saa nne za usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi mnaweza kulifunga ili maadmini tu ndio waandike, mradi ile kanuni ya nane na namba za dharura ziwe zimebandikwa juu, na kila mwanakikundi anayo namba ya kupiga.